Stempu Zisizo na Kwao

Niliusikia mlio kwanza. Ulitoka chumbani kwa mama, mkavu, bati likikwaruza bati, ukaishia kwa mguno mdogo wa hewa. Nilikuwa uani naosha vyombo, na mikono yangu ikasimama ndani ya povu kabla sijaiambia isimame. Ninalijua kopo moja tu linalolia hivyo likifunguliwa. Nilidhani lilishapotea zamani.

Mama alikuwa anatafuta vifungo. Nilipoingia alinisukumia kopo bila kuniangalia, akasema nichukue uchafu wangu, maana miaka yote hii anauhamisha kabati hadi kabati na hajui kwa nini. Likanifikia na harufu yake ileile ya karatasi kuukuu, gundi, na karafuu zilizowekwa humo kufukuza mende. Chini ya vifungo, stempu zilikuwa zimelala kama majani makavu.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikatoa simu, nikaielekeza juu ya stempu yenye maandishi ya duara duara, kama pete zilizomwagika mezani. Simu ikasema Burma. Nikachukua nyingine, ikasema Jojia. Nyingine, Armenia. Haikusita, haikuuma kucha, haikwenda kubisha hodi kwa mtu. Ninyi wa rika langu, mliokua kabla simu hazijajifanya kujua kila kitu, mtanielewa nikisema nilitamani kuipiga ukutani. Stempu hizo nilizililia. Nilizitafutia kwao kwa miguu yangu, nyingi zikanishinda, na ile moja niliyoitaka kuliko zote, ambayo mwishowe niliijua, sikupewa.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani kwenye duka la vitambaa katika mtaa tunaouita Asiatique, karibu na soko, na mimi nilipotoka shule sikurudi mtaani kwetu, Buyenzi. Nilienda kwake, nikala nilichowekewa kwenye kisahani, kisha nikaingia dukani na kujificha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Palikuwa na ubaridi pale, na harufu ya vitenge vipya, ile ya wanga inayowasha pua. Huko ndiko nilikokuwa siku niliposikia mlio ule kwa mara ya kwanza. Niliona miguu tu, miguu ya Nyanya Zuwena katika ndara zake za ngozi, na juu yake kitu kikalia. Kisha vipande vya karatasi vikadondoka sakafuni kimoja kimoja mbele ya uso wangu: treni, ua, mfalme mwenye masharubu, mwanamke amebeba ngano.

Duka lilikuwa lake. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na mji mzima ulimwita Mwarabu. Babu zake walitoka Omani, wakapita Ujiji, wakafika hapa na kufungua duka. Yeye alizaliwa nyuma ya soko. Kiswahili chake kilikuwa kilekile chetu, na Kirundi chake cha kugombana na wachuuzi kiliogopwa. Sasa mwanawe Nasri, aliyehamia Maskati tangu ujana, alikuwa amemtaka aende akae naye. Duka lilishauzwa. Rafu zilikuwa zinapungua, na nyuma, uani, palikuwa na pipa la chuma ambamo kila alasiri zilichomwa karatasi za marehemu mumewe. Moshi ulipanda mpaka ukaziba nyumba za Kiriri kule mlimani.

Nakumbuka mama mmoja aliyeuza dagaa sokoni alikuja kununua kitenge cha mwisho cha bei ya kuaga, akamuuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli anarudi kwao.

"Narudi?" akasema Nyanya Zuwena, mkasi ukiendelea kutembea. "Nilitoka huko lini?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwangu mambo yalikuwa wazi: Waarabu kwao ni Uarabuni, sawa na vile samaki kwao ni ziwani.

Kopo lilikuwa la mumewe. Mzee huyo, ambaye nilimjua kwa picha ya ukutani tu, alikuwa anaomba bahasha kwa kila mtu: kwa mapadri, kwa waganga wa hospitali, kwa wafanyabiashara waliompelekea mizigo. Lakini alikuwa na kasoro moja ambayo mpaka leo inanitia hasira. Hakulowesha bahasha ili stempu ibanduke nzima. Aliikata kwa mkasi wa vitambaa, na hakukata stempu, alikata picha. Alizunguka ua, akazunguka treni, akazunguka masharubu ya mfalme. Pembe zenye jina la nchi zilibaki kwenye bahasha, na bahasha zilitupwa. Nyanya Zuwena alisema mumewe alipenda sura za vitu, maneno aliyaona dukani kutwa nzima. Kwa hiyo kopo lilijaa dunia iliyonyolewa majina. Herufi chache zilizosalia zilikuwa zile zilizopita juu ya picha yenyewe, na nyingi hazikuwa herufi za shule yetu.

Nilipoomba nipewe kopo, aliniwekea sharti.

"Ukinambia kwao, ni yako. Ile yenye hujui kwao, itaungua na makaratasi ingine. Mi siwezi kuacha kitu ya mume wangu kwa mutu mwenye hajui hata imetoka wapi."

Nikaanza kazi siku hiyohiyo. Tuliziita tembre, kwa Kifaransa cha shule. Kamusi ya shule ilikuwa na ukurasa wa bendera, lakini haikuwa na ukurasa wa maandishi, kwa hiyo nilibuni njia yangu: niliziambatanisha stempu na vitu. Cherehani ya mama ilikuwa na kibati chenye vijumba vidogo vya mistari, na mama alikuwa anajisifu kwamba ni ya China halisi. Nikapata stempu ya mlima wenye theluji na vijumba kama vile. China. Nyanya Zuwena akakilinganisha kibati na stempu, akatikisa kichwa kwa kukubali, nikashinda. Kwenye pakiti ya udi wa vijiti palikuwa na herufi zilizoning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, na mwenye duka la tatu kutoka letu, Mhindi aliyekuwa akituuzia uzi, akanihakikishia kwamba ni za kwao. Nikashinda tena. Nilitembea mjini nikisoma vitako vya bakuli, vifuniko vya mafuta, lebo za mashati. Wauzaji walinifukuza wakidhani nataka kuiba.

Stempu zenye herufi zinazofanana na zetu lakini zimegeuzwa nilizipeleka Nyakabiga, kwa mhandisi mmoja, jirani wa shangazi yangu, aliyesomea Urusi. Alifurahi mpaka akaniogopesha. Alinikalisha, akanipa soda, akanieleza baridi ya huko, namna ndevu zinavyoganda, namna alivyolia kwa kukosa dagaa. Nilitaka neno moja tu, yeye akanipa alasiri nzima. Mwishoni akazigawa stempu mafungu mawili. Hizi ni za Urusi, akasema, na hizi za Bulgaria.

Nikamwambia herufi ni zilezile.

"Ndiyo," akasema, "na we unaandika na herufi za Wafaransa. Uko Mufaransa?"

Nilirudi nimevunjika moyo. Njia yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya imani kwamba kila maandishi yana nchi yake moja, yanaishi humo na mlango umefungwa. Kumbe herufi zilikuwa zinatembea. Na juzi, kitandani kwa mama, simu imeniambia kwamba ule mlima wenye theluji, ushindi wangu wa kwanza kabisa, ni wa Japani.

Lakini haya yote yalikuwa mazoezi. Nilichokitaka kwa kweli kilikuwa mnyama mmoja. Alikuwa mweupe, amesimama juu ya mchanga, na pembe zake zilikuwa ndefu, nyembamba, zimenyooka kama fimbo mbili. Uso wake ulikuwa na mabaka meusi, kama mtu aliyejifuta masizi. Hakuwa mbuzi, hakuwa farasi, hakuwa swala wa vitabu vyetu. Nilimwona ana kiburi cha upweke, na mimi mtoto wa pekee wa mama yangu nilimpenda papo hapo. Mkasi wa mzee ulikuwa umemzunguka kwa ukaribu mno hata ukagusa kwato. Kilichobaki juu ya mgongo wake kilikuwa mstari mfupi wa Kiarabu.

Kiarabu. Nilitabasamu. Hii ilikuwa ya bure kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma madrasa Buyenzi, nikimaliza Kaida, kile kitabu cha kujifunzia herufi, na kuingia juzuu. Nikaileta chini ya mwanga wa mlango, nikaanza. Sin niliijua. Lam niliijua. Ta, nuni, ayni, mimu, zote nilizijua. Lakini hazikuwa na irabu. Madrasani kila herufi ilikuja na kialama chake juu au chini, kinachokuambia ufungue mdomo vipi. Hizi zilikuja tupu, kama watu waliovuliwa kofia na viatu. Nikajaribu sala, suli, sili. Nikajaribu ama, imi, umu. Kinywa changu kilizunguka na kuzunguka, wala hakuna neno lililotoka.

Nikampelekea Nyanya Zuwena. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa anakaa nyuma ya kaunta na msahafu wake, anasoma kwa sauti, kwa kasi, bila kukwama, na wateja walisubiri mpaka afike mwisho wa aya. Nikasema, kwa ujanja, kwamba hii labda aniambie tu.

Akaishika kwa mbali, kama watu wazima wanavyoshika vitu vidogo. Akaileta karibu. Kisha akanirudishia.

"Sharti ni sharti," akasema.

Nikaenda nyumbani nikapekua. Kulikuwa na boksi la tende lililobaki tangu Ramadhani, na juu yake maandishi ya namna ile, na mjomba wangu alisema tende nzuri zote zinatoka Saudia. Kesho yake nikaja na boksi mkononi na jibu mdomoni. Nyanya Zuwena hakulitazama boksi. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema karibu. Akasema karibu haitoshi, kwao kwa mtu hakubahatishwi, na akaiweka stempu kando, kwenye fungu la pipa.

Nilimwona akiiweka. Nilisikia uani moto ukipumua. Nikasema yale ambayo mtoto wa Buyenzi hasemi kwa mtu wa umri ule: kwamba yeye anajua, kwamba haya ni maandiko yao wenyewe, kwamba anasoma kila siku mbele ya watu, sasa ananinyima kwa roho mbaya tu.

Cherehani ya mama ilinyamaza barazani. Nyanya Zuwena hakugomba. Angenigombeza ningepona. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena kwa mkunjo uleule.

"Pelekea mama yako maji," akasema.

Mama alinivuta sikio mpaka nikaona nyota, akaniuliza nimezaliwa na nani. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Nyanya Zuwena ni mchoyo, na kwamba ataondoka na siri yake kama watu wanavyoondoka na vyombo vizuri na kuacha vilivyopasuka. Lakini jioni ile, tulipokuwa tunatoka, nikaitazama kaunta. Mnyama alikuwa bado pale, juu ya fungu la karatasi za kuchomwa. Nikamuuliza Nyanya Zuwena, bila kumtazama, kama naweza kumchukua mnyama mpaka kesho. Akasema mpaka Ijumaa, maana Ijumaa anaondoka.

Alibaki maalim wetu wa madrasa. Sikuwa nimetaka kumwendea, kwa sababu alishatuambia mara nyingi tusilete madrasani picha za viumbe wenye roho, na mwenzangu mmoja alinyang'anywa kadi zake zote za wachezaji mpira. Nilisubiri wenzangu watoke. Nikamwekea stempu mbele nimemfunika mnyama kwa kidole gumba, herufi tu zikichungulia. Maalim akakiondoa taratibu. Akamtazama mnyama kwa muda, kama anayesalimiana naye.

"Huyu naye amekosa nini?" akasema. Kisha akasoma mstari, mara moja, kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe: Saltana ya Omani.

Nikamwomba arudie. Akarudia, akinionyesha neno kwa neno kwa ncha ya kalamu. Akauliza kwa nini sikumwuliza Mwarabu wa dukani, kwani si ndiko kwao.

Siku ya Ijumaa sikwenda shule. Mama hakunilazimisha, alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba cherehani, ambayo usiku ililala dukani. Tulikuta duka limekuwa tupu, na duka tupu lina sauti mbaya, hata kikohozi kinarudi kukutazama. Pipa uani lilikuwa limepoa. Nyanya Zuwena alikuwa amevaa baibui jipya, amekaa juu ya sanduku, mkoba mapajani, na nje gari la mpwa wake lilikuwa linanguruma. Nilikuwa nimelala na ushindi huo, nimeuamkia, nimeubeba njia nzima kutoka Buyenzi, na nilitaka niutoe polepole ili umuume.

"Nyanya, najua kwao. Na ulikuwa unajua." Nikaishika stempu juu. "Ni Omani."

Nilimtazama usoni nikingoja aone haya. Hakuona haya. Alinyoosha mkono.

"Nionyeshe," akasema. "Wapi imeandikwa?"

Nikadhani ananitania. Nikamwonyesha kwa kidole, kuanzia kulia, kama maalim alivyonionyesha: hii ya kwanza ni Saltana, hii fupi ndiyo Omani. Akalifuata neno fupi kwa ukucha. Akalifuata tena. Midomo yake ilikuwa inatikisika, na ndipo nilipoona, bila kuelewa vizuri nilichokuwa nakiona, kwamba alikuwa anafanya vilevile nilivyofanya mimi mlangoni: ama, imi, umu.

"Mi najua Kurani," akasema. "Kiarabu sijui. Nani alinifundisha? Baba hakujua, mume wangu hakujua. Tulikuwa tunafundishwa na irabu, kama we." Akacheka kidogo, kwa pua. "Nasri anasema atakuja uwanja wa ndege. Kama amechelewa, nitajua je kama nimefika?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kasha la nyuzi. Alitazama chini.

Nyanya Zuwena akafungua mkoba, akatoa pasipoti, akaitia stempu yangu katikati ya kurasa zake, akaifunga.

Nikamwambia ni yangu. Nimetaja kwao, ni yangu, yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sharti.

"Ni yako," akasema. "Naenda nayo."

Akaninyooshea kopo. Zote zilikuwa humo, zile nilizozishinda na zile za pipa, zile zenye herufi kama pete, zile kama ndoano, zile kama vijidudu, hakuchoma hata moja. Akaniambia nitazijua tu, nina muda. Kopo zima kwa kipande kimoja cha karatasi kilichokatwa vibaya, na bado nilihisi nimedhulumiwa. Nahisi hivyo mpaka leo, nikisema kweli. Najua mambo ninayoyajua sasa, najua alikuwa anabeba nini kwenye pasipoti ile, nimejaribu mara nyingi kuigeuza hadithi hii iwe tamu, na kila mara yule mtoto anasimama katikati ya duka tupu, miguu imepanuka, anadai mnyama wake.

Nikamwomba basi anitumie nyingine. Aandike chochote, hata ukurasa mtupu, mradi bahasha iwe na stempu, na asiikate. Akasema atatuma. Kwa miaka kadhaa niliuliza kwenye sanduku la posta la shule ya jirani, ambalo mama alimpa Nyanya Zuwena anwani yake, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa nikiwa bado mbali. Tulisikia tu, kwa watu wa watu, kwamba alifika salama na kwamba huko wanamwita Mrundi.

Mpwa wake akapiga honi. Nyanya Zuwena akasimama, akamkumbatia mama, akanishika kidevu kwa mkono wenye harufu ya karafuu, na mimi nikakazana kuangalia kopo. Ndara zake zikavuka sakafu ile iliyokuwa inarudisha kila sauti. Barazani akageuka, macho yake yakapita juu ya rafu, juu ya meza ya kukatia, juu yetu. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya jioni zote za maisha yake, ukashika ule mlango mkubwa wa chuma na kuuvuta, mlango ukajifunga, na sisi, mama na mimi na cherehani, tukabaki ndani, gizani.